UZI: "Dimensheni" ya arei ni ipi hasa? Tuelewane kabla hatujaandika kodi

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna swali halikosi kurudi kila mtu mpya anaposhika NumPy (maktaba ya Python ya kushughulikia arei, yaani namba zilizowekwa kwa mpangilio), au mzoefu anapohama kutoka MATLAB kwenda Python: "Arei yangu ina dimensheni ngapi?" Anajibiwa na watu watatu, kila mmoja na namba yake, kisha wanaanza kuvutana. Ukiwasoma kwa utulivu unakuta wote wako sahihi, ila kila mmoja anahesabu kitu chake. Jambo hili linastahili uzi wake, kwa sababu haliishii kwenye mabishano. Linaingia hadi kwenye majibu ambayo programu zetu zinatoa.

Tuanze na arei ndogo, mistari 3 na safu 4:

```
A = np.arange(12).reshape(3, 4)

[[ 0  1  2  3]
 [ 4  5  6  7]
 [ 8  9 10 11]]
```

Mtu wa NumPy ataandika `A.ndim`, atapata 2, na atakwambia hii ni arei ya dimensheni 2. Aliyesoma aljebra ya matriki atasema dimensheni zake ni 3 kwa 4. Anayefundisha modeli anaona sampuli 3 zenye sifa 4 kila moja, kwa hiyo kwake hii ni data ya dimensheni 4. Mwanahisabati naye atataja 12, kwa sababu matriki zote za 3 kwa 4 zikiwekwa pamoja zinaunda nafasi ya vekta, na kumtambulisha mmoja wa wakazi wa nafasi hiyo kunahitaji namba 12.

Wa kwanza anahesabu fahirisi: niandike namba ngapi ndani ya mabano ili nifikie elementi moja? `A[1, 2]` ina fahirisi mbili, basi ni 2. Wa pili anataja urefu wa kila upande. Wawili wa mwisho wanazungumzia nafasi ya vekta, na hata wao hawazungumzii nafasi moja.

Sasa chukua nukta yenye x, y na z. Ukiiandika `np.array([1, 2, 1])`, mtu yeyote wa fizikia ataiita vekta ya dimensheni 3. `ndim` yake ni 1. Waandishi wa mwongozo wa kuanzia wa NumPy waliliona hili mapema, ndiyo maana wanasema wazi kwamba ndani ya NumPy dimensheni huitwa mihimili, na mfano wao ni nukta ya namna hiihii: mhimili mmoja wenye elementi 3.

Mkanganyiko unakuwa mkubwa zaidi kwenye picha. Data ya MNIST (picha za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono) ina picha 60,000 za kufundishia, kila moja ya pikseli 28 kwa 28. Ukiipakia inakuja na umbo `(60000, 28, 28)`, mihimili mitatu. Ukizinyoosha picha ziwe mstari mmoja mmoja inakuwa `(60000, 784)`, mihimili miwili. Papo hapo unasoma makala inayosema "tuna data ya dimensheni 784, tutaipunguza hadi 50". Unapunguza, unapata `(60000, 50)`. Ukiuliza `ndim` inajibu 2, kama ilivyojibu kabla hujapunguza chochote. Mwanafunzi anaona amefanya kazi yote ya kupunguza dimensheni na kompyuta inamwambia hakuna kilichopungua. Kumbe kilichopungua ni urefu wa mhimili wa pili.

Chimbuko lake ni la zamani. Fortran ilipotoka mwaka 1957 ilikuwa na tamko la `DIMENSION`. Ukiandika `DIMENSION A(10,20)` umetaja kwa pamoja kwamba kuna fahirisi mbili na kwamba urefu ni 10 na 20. Neno moja lilibeba yote, na tumelirithi hivyo. Fortran 90 ililishughulikia kwa umakini ninaoupenda sana: `rank` ni idadi ya mihimili, `shape` ni orodha ya urefu wa kila mhimili, `size` ni jumla ya elementi zote, na urefu wa mhimili mmoja ukapewa jina lake peke yake. Hata hivyo hoja ya kuchagua mhimili bado inaitwa `DIM`, kama kwenye `SUM(A, DIM=1)`.

Na `rank` yenyewe haiko salama. Ilitokea kwenye APL, lugha ya programu ya Kenneth Iverson, huko ikimaanisha idadi ya mihimili, lakini kwenye aljebra ranki ya matriki ni idadi ya mistari iliyo huru. Ranki ya A yetu ya hapo juu ni 2 na `ndim` ni 2, sadfa tupu. Ijaze A kwa 1 kila mahali, ranki inashuka hadi 1 huku mihimili ikibaki miwili. NumPy zamani ilikuwa na `np.rank` iliyotoa idadi ya mihimili, ikastaafishwa watu wakaelekezwa kwenye `ndim`. Ranki ya aljebra iko `np.linalg.matrix_rank`. TensorFlow (maktaba ya kufundisha modeli) wao wamebaki na `tf.rank`, na kwenye maelezo yake wanaonya kwamba si ranki ya matriki.

Pendekezo langu ni hili. Tukizungumzia arei, tuseme mhimili kwa kila fahirisi, idadi ya mihimili, urefu wa mhimili, umbo kwa orodha ya urefu wote, na jumla ya elementi. "Dimensheni" tuliache kwa nafasi ya vekta, huko ndiko lina maana moja iliyonyooka. Karibuni.

---

#2

Mkuu, umegusa penyewe. Ila umeisahau `size`, hiyo ndiyo inayonisumbua mimi. Nikiwa NumPy inanipa namba moja, nikihamia PyTorch (nayo ni maktaba ya kufundisha modeli) inanipa orodha.

---

#3 – Mleta uzi

Sijaisahau, nilihofia kuurefusha uzi. Tumia A ileile ya 3 kwa 4.

`A.size` ya NumPy inatoa 12. `size(A)` ya MATLAB inatoa 3 na 4, yaani umbo. Lugha ya Julia inafuata MATLAB. PyTorch nao `A.size()` ni umbo, na jumla ya elementi unaitafuta kwa `numel()`.

Kwa urefu ndiyo balaa kubwa. `len(A)` kwenye Python inatoa 3, urefu wa mhimili wa kwanza. `length(A)` kwenye MATLAB inatoa 4, kwa sababu inachukua mhimili mrefu kuliko yote. `length(A)` kwenye Julia na R inatoa 12. Na kama hiyo R umeipa data frame (jedwali lenye safu zenye majina) badala ya matriki, `length` inakuhesabia safu, kwa hiyo utapata 4.

Hiyo ya MATLAB naomba tuiogope kweli. Una data ya vipimo 1000 kwa safu 4, `length` inakupa 1000, kitanzi chako kinazunguka vizuri mwaka mzima. Siku data imekuja na vipimo 3 tu, inakupa 4, na kitanzi kinakwenda kutafuta mstari wa nne ambao haupo. Andika `size(A,1)` ukimaanisha mistari. Usiache lugha ikuchagulie mhimili.

Na wanaoshughulika na picha wajue kwamba `size` ya Pillow (maktaba ya picha ya Python) inatoa upana kwanza kisha kimo. Picha hiyohiyo ukiigeuza arei ya NumPy, `shape` inaanza na kimo, kisha upana, kisha chaneli za rangi. OpenCV, maktaba nyingine ya picha, kwa Python nayo inakupa arei inayoanza na kimo, lakini `cv2.resize` inataka upana utangulie. Mtu akijaribu kodi yake kwa picha za mraba haoni tatizo lolote. Ndiyo maana nasisitiza majaribio yafanyike kwa arei ambayo mihimili yake yote ina urefu tofauti, kwa mfano 3, 4 na 5. Ukichanganya mihimili, mara nyingi kompyuta itakukatalia hapohapo.

---

#4

Naomba nitofautiane kidogo na mleta uzi. Muktadha unatosha. Mtu akisema "data ya dimensheni 784" hakuna programa atakayedhani kuna mabano yenye fahirisi 784. NumPy yenyewe haikubali mihimili zaidi ya 64, na kabla ya toleo la 2.0 kikomo kilikuwa 32. Tukianza kuwasahihisha watu kila neno tutawakatisha tamaa wanaoanza.

---

#5 – Mleta uzi

Hoja yako naiheshimu, na kwa 784 uko sahihi kabisa, ukubwa wa namba yenyewe unajieleza. Tatizo liko kwenye namba ndogo: 1, 2, 3. Hapo muktadha hausaidii, na hapo ndipo kompyuta inanyamaza wakati ilipaswa kulalamika.

Tazama hii. Majibu halisi ni y, makisio ya modeli ni p, na modeli imepatia kila kitu:

```
y = np.array([1., 2., 3.])
p = np.array([[1.], [2.], [3.]])
((y - p)**2).mean()
```

Modeli haijakosea hata moja, kwa hiyo unategemea sifuri. Utapata 1.333.

Kilichotokea ni kwamba umbo la y ni `(3,)` na umbo la p ni `(3, 1)`. Kwa mdomo zote ni "vekta ya dimensheni 3". NumPy inalinganisha maumbo kuanzia mwisho, inakuta mhimili wenye urefu 1 mkabala na wenye urefu 3, inautandaza ule wa 1, yaani inaurudia hadi ulingane. Kisha p ina mhimili wa ziada mbele ambao y hana, inautandaza na huo upande wa y. Tofauti inayotoka ni ya 3 kwa 3: kila kisio limetolewa kwenye kila jibu, hata majibu ya sampuli nyingine. Miraba yake ni 0, 1, 4, 1, 0, 1, 4, 1, 0. Jumla 12, gawa kwa 9.

Hakuna eraa wala onyo, na namba iliyotoka ni namba ya kawaida inayoaminika. Ukifundisha modeli kwa kipimo hicho itaendelea kujifunza, lakini inachovutwa kujifunza ni kutabiri wastani wa y kwa kila sampuli, maana ndilo kisio linalopunguza tofauti na majibu yote kwa pamoja. Mtu atabadilisha modeli, ataongeza data, atalaumu kila kitu, na kosa liko kwenye mstari mmoja wa kutoa. `mse_loss` ya PyTorch angalau inatoa onyo maumbo yakitofautiana. Ukiandika kutoa kwa mkono wako, hakuna wa kukuonya.

Mtu aliyezoea kusema "umbo `(3,)`" na "umbo `(3, 1)`" ataliona kosa hili kwa kusoma. Aliyezoea kusema "zote ni vekta za 3" hana hata maneno ya kuuliza swali. Kwa hiyo sisemi tuwasahihishe wanaoanza kwa ukali. Nasema tuwape maneno yanayowasaidia kuona.

---

#6

Nashukuru sana kwa huo mfano, umenifungua macho. Swali langu: `axis=0` maana yake "kwa mistari" au "kwa safu"? Nimesoma maelezo mawili yanayopingana, na pandas (maktaba ya Python ya majedwali) ndiyo imenimaliza. `df.drop('umri', axis=1)` inaondoa safu, lakini `df.mean(axis=1)` inanipa wastani wa kila mstari. Sasa 1 ni safu au ni mstari?

---

#7 – Mleta uzi

Achana kabisa na "kwa mistari" na "kwa safu". Ukimwambia mtu "jumlisha kwa safu", mmoja ataelewa kila safu ipate jumla yake, mwingine ataelewa apite safu moja hadi nyingine akijumlisha. Hayo ni majibu mawili tofauti na sentensi ni ileile.

Badala yake jiulize: mhimili upi unatoweka? A ina umbo `(3, 4)`. `A.sum(axis=0)` inaondoa mhimili namba 0, ule wenye urefu 3. Kinachobaki ni `(4,)`, yaani `[12 15 18 21]`. `A.sum(axis=1)` inaondoa ule wa 4, kinabaki `(3,)`, yaani `[6 22 38]`. Hata arei ikiwa na mihimili mitano kanuni inabaki hiyohiyo, wakati "mstari" na "safu" vilishakosa maana kwenye mhimili wa tatu.

Kwa pandas, 1 ni mhimili uleule kote. Mhimili namba 1 ndio unaobeba majina ya safu. `drop` inatafuta jina 'umri' kwenye mhimili huo na kuliondoa. `mean` inaumeza mhimili wote, kwa hiyo kila mstari unabaki na namba moja. Ukiona bado inakuchanganya, kwenye `drop` andika `columns='umri'` na mambo yanaisha.

---

#8

Kwa wanaotoka R kama mimi, hapo kuna mtego. `apply(A, 1, sum)` ya R inatoa jumla ya kila mstari. Namba 1 pale ni mhimili wa kwanza, lakini ni mhimili unaobaki, siyo unaotoweka. NumPy mhimili wa kwanza ni 0 na unatoweka. Ukitafsiri kodi kwa kupunguza 1 tu kwenye namba, unapata kinyume cha ulichotaka.

---

#9 – Mleta uzi

Asante sana mkuu, hii ni ya kuhifadhi. Na matriki ikiwa ya mraba, hata urefu wa jibu hautakushtua.

---

#10

Mimi niko kwenye data za hali ya hewa. Kwetu suala hili limepungua sana kwa sababu faili za netCDF (muundo wa kuhifadhi data za kisayansi) zinaipa kila dimensheni jina na urefu, na xarray, maktaba ya Python, inayatumia majina hayo moja kwa moja. Naandika `joto.mean(dim='time')`. Sihitaji kukumbuka kama muda ni mhimili wa 0 au wa 2, na mwenzangu akipanga faili lake tofauti kodi yangu bado inatoa jibu sahihi. Nyie wa NumPy tupu mnafanyaje?

---

#11 – Mleta uzi

Majina ndiyo dawa yenyewe, na anayeweza kutumia xarray atumie. Kwa NumPy tupu nina mazoea machache ninayoyasimamia kila ninapopitia kodi ya mtu.

La kwanza ni kuandika umbo pembeni ya kila arei muhimu, kwa majina: `# (sampuli, muda, kitambuzi)`. Siandiki "arei ya 3D". Maneno hayo hayamwambii msomaji chochote ambacho `ndim` isingemwambia, na anayefanya kazi na maumbo ya angani atayaelewa vingine kabisa.

La pili ni `np.einsum`. Watu wengi wanaiogopa, lakini `np.einsum('ij->j', A)` inasema kilichotokea bila kuficha: i imetoweka, j imebaki. Kwenye kuzidisha arei zenye mihimili mingi naiamini kuliko `np.dot`, ambayo kanuni zake hubadilika kufuatana na idadi ya mihimili.

Kingine ni `keepdims=True` unapotafuta wastani ili uutoe kwenye arei ileile. Mhimili ulioumezwa unabaki na urefu 1, na kutandaza kunakwenda pale ulipokusudia. Ukiacha, wastani wa kila mstari wa A unatoka na umbo `(3,)`, na `A - wastani` inagoma kwa sababu 4 na 3 hazilingani. Hapo una bahati imegoma. Ingekuwa 3 kwa 3 ingekubali na kutoa jibu baya.

---

#12

Na namba moja peke yake, mfano 5? Ina dimensheni ngapi?

---

#13 – Mleta uzi

NumPy inasema mihimili 0: `np.array(5).shape` ni `()`, na `size` ni 1. Huhitaji fahirisi yoyote kuifikia, kwa hiyo hesabu imenyooka. MATLAB kwa kawaida yake haina kitu cha mihimili chini ya miwili, `size(5)` inatoa 1 na 1.

Hilo la MATLAB lina matokeo yake. `sum(A)` huko inajumlisha kufuata mhimili wa kwanza ambao urefu wake si 1. Data ya mistari mingi inakupa jumla ya kila safu. Ukichuja data ukabaki na mstari mmoja, fomula ileile inajumlisha mstari wote na kukupa namba moja. Andika `sum(A,1)` kila mara, hata unapoona haina haja.

---

#14

Nimefurahia uzi huu. Naongeza moja la upande wetu wa Fortran na C. Kwenye BLAS (maktaba ya hesabu za matriki), `DGEMM`, ile ya kuzidisha matriki, inadai `LDA`, "dimensheni ya mbele" ya A. Si idadi ya mihimili, na mara nyingine si urefu wa mhimili wa matriki unayoizidisha pia.

---

#15 – Mleta uzi

Kweli kabisa, na hiyo ni maana nyingine tena. `LDA` ni umbali kwenye kumbukumbu kutoka mwanzo wa safu moja hadi mwanzo wa safu inayofuata, kwa sababu Fortran hupanga elementi safu baada ya safu. Matriki ikitumika nzima, umbali huo ni sawa na idadi ya mistari, ndiyo maana watu wanadhani ni kitu kimoja.

Chukua matriki ya 1000 kwa 1000, halafu unataka kuzidisha kipande cha 100 kwa 100 kilicho kwenye kona yake ya juu kushoto. M, N na K (vipimo vya matriki zinazozidishwa) zote ni 100, lakini `LDA` inabaki 1000, kwa sababu kipande bado kimelala ndani ya matriki kubwa. Ukiweka 100, `DGEMM` inaipokea, maana inachokagua ni kwamba `LDA` isiwe chini ya idadi ya mistari. Safu ya kwanza itasomwa sawasawa. Ya pili itakuwa inasoma elementi za safu ya kwanza ya matriki kubwa, kuanzia ya 101 na kuendelea, zinazofuata nazo zitasomwa mahali pasipo penyewe, na itakurudishia jibu lenye umbo sahihi la 100 kwa 100.